Elijah Masinde na Kuta za Mathari

Jina la Elijah Masinde wa Nameme si geni masikioni mwa wakazi wa Bungoma na Kitale. Hata vizazi vilivyozaliwa baada ya kifo chake mwaka 1987 vimelipokea kupitia masimulizi ya wazee. Wengi humkumbuka kama nabii, wengine kama mpigania uhuru, na wengine kama mwanzilishi wa Dini ya Msambwa aliyewasumbua watawala wa kila rangi. Wachache mno humkumbuka kama mgonjwa. Ilhali kati ya mwaka 1945 na mwaka 1947, katika madaftari ya serikali ya kikoloni, hicho ndicho alichokuwa: mgonjwa wa akili aliyelazwa katika Hospitali ya Mathari mjini Nairobi. Sura hii ya maisha yake hupitwa haraka na wasimulizi, ambao huwa na pupa ya kuzifikia risasi za Malakisi. Lakini yeyote anayetaka kufahamu kwa nini watu wenye akili timamu huiogopa hospitali, humficha mgonjwa hadi azidiwe, au huzitupa dawa walizopewa wakiwa bado njiani, atapata katika sura hiyo mengi ya kutafakari.

Masinde alizaliwa yapata mwaka 1910 katika kijiji cha Maeni, Kimilili, chini ya Mlima Elgon ambao Wabukusu huuita Masaba. Wakati huo wamishonari wa Kikweka, waliofika Kaimosi mwaka 1902, walikuwa wakisambaa taratibu kuelekea kaskazini. Misheni ilikuja na mambo matatu kwa pamoja, yaani kanisa, shule na dawa, na haikuwa rahisi kuchukua moja ukayaacha mawili. Aliyekwenda kutibiwa kidonda alikutana na sala, na aliyekwenda kusoma alifundishwa kwamba mizimu ya babu zake ilikuwa ushetani. Kijana Masinde aliingia katika mkondo huo bila kinyongo. Alisoma, akabatizwa, akawa Mkweka. Alikuwa pia mwanasoka hodari. Aliiongoza timu ya Kimilili kama nahodha, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika mashindano ya Kombe la Gossage. Mtu huyu, basi, hakuanza maisha kama adui wa mambo ya kigeni. Alivaa jezi ya koloni na kuitolea jasho.

Malezi yake yalikuwa na upande mwingine. Kijana wa Kibukusu hupashwa tohara, yaani sikhebo, mwezi wa Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili. Alfajiri hupakwa tope la mtoni, akarudi nyumbani akiimbiwa, kisha akasimama wima mbele ya umati na kumkabili omukhebi, mwenye kisu, bila kupepesa jicho. Hapewi chochote cha kutuliza maumivu. Akitetemeka, aibu humwandama hadi uzeeni na huenda ikawafikia wanawe. Mtu aliyefunzwa hivyo anapoingia zahanati, uchungu wa sindano si kitu kwake. Linalomtatiza ni namna anavyoupokea. Hospitali humlaza chali, humvua nguo mbele ya wasiomjua, humwamrisha anyamaze, na humwondolea uchungu kabla hajapata nafasi ya kuushinda. Huruma ya daktari huonekana kama kejeli. Hadi leo mvulana anayetahiriwa hospitalini, kwa ganzi na bendeji safi, hazikwepi simango za marika wake, ingawa kidonda chake huenda kikapona upesi kuliko chao. Mhudumu asiyejua haya akimwona mwanamume mzima akigoma kudungwa sindano humwita mwoga, na hapo huwa amekosea tangu neno la kwanza.

Kwa Wabukusu wa enzi hizo, isitoshe, ugonjwa ulikuwa na maswali mawili. La kwanza ni mtu anaumwa nini. La pili ni nani au nini kilichouleta ugonjwa huo: je, kuna mzimu uliosahauliwa, kiapo kilichovunjwa, au jirani mwenye kijicho? Kamalesi, dawa za mitishamba, zilijibu swali la kwanza. La pili lilijibiwa kwa kafara kwa kimisambwa, mizimu ya wahenga, na kwa dua kwa Wele, Muumba. Zahanati ya misheni ilijibu la kwanza peke yake, na aghalabu ilimkemea aliyethubutu kuuliza la pili. Hata Kiswahili chenyewe hakijapata kutenganisha mambo haya kikamilifu. Neno dawa hubeba tiba, hirizi, rangi ya viatu na sumu ya panya kwa wakati mmoja, na anayeambiwa tu kwamba atapewa dawa hajaambiwa mengi.

Uhusiano wa Masinde na Wakweka ulivunjika alipooa mke wa pili. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1940, yeye na wenzake walianzisha Dini ya Msambwa, ambayo jina lake linatokana na mizimu hiyohiyo iliyokemewa na misheni. Ilihubiri kurejea kwa Wele na kwa mila, na iliwataka wageni waondoke. Ilipata masikio mepesi Kimilili, na hata zaidi katika mashamba ya walowezi yaliyouzunguka mji wa Kitale.

Kitale yafaa kuelezwa kidogo. Ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa imegawiwa Wazungu, wengine wao wanajeshi waliopewa mashamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi yalipata soko, na mahindi yalihitaji mikono. Mikono hiyo ilitoka Bungoma na kwingineko. Mwafrika aliyeishi katika shamba la mlowezi kama skwota alifungwa na sheria iliyomtaka, kuanzia mwaka 1918, afanye kazi zisizopungua siku 180 kwa mwaka, na sheria za baadaye ziliongeza siku hizo. Shingoni alivaa kipande ndani ya kijaluba cha bati, kikiwa na alama za vidole vyake. Katika mazingira kama hayo ugonjwa haukuwa siri ya mwili wa mtu. Ulikuwa hesabu ya siku zilizopotea, na aliyeulizwa kama ni mgonjwa kweli aliulizwa na mtu mwenye masilahi katika jibu. Kibarua aliyejifunza kuficha homa ili asigombane na bwana shamba, au kuisingizia homa ili apumzike, alikuwa akijifunza kuutenga mwili wake na macho ya wakubwa. Mazoea ya namna hiyo hayatoki kwa urahisi hata bwana shamba anapokwisha kuondoka.

Mwaka 1944 serikali iliwaamuru wakulima wa Kimilili kung'oa gugu fulani mashambani mwao. Masinde alikataa. Alipinga pia kuandikishwa kwa vijana kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia. Mtumishi wa baraza alipotumwa kumletea samansi aliambulia kipigo. Kuna kinaya hapa kisichofaa kupuuzwa, kwani Masinde mwenyewe aliwahi kufanya kazi hiyohiyo ya kupeleka samansi za baraza la Kimilili, na aliujua uzito wa karatasi ile. Alikamatwa. Mtu anayempiga mtumishi wa mahakama ana kosa linalojulikana na adhabu inayojulikana. Mwaka 1945, hata hivyo, Masinde alitangazwa kuwa mwendawazimu na kupelekwa Mathari.

Mathari ilifunguliwa mwaka 1910, mahali palipokuwa pakitumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui, na ilipewa jina la Hospitali ya Akili ya Mathari mwaka 1924. Wagonjwa waligawanywa kwa rangi zao, na Waafrika ndio waliobanana zaidi. Tangu mwaka 1938 hadi mwaka 1950 ilisimamiwa na J. C. Carothers, daktari aliyeingia katika kazi hiyo bila mafunzo ya kina ya magonjwa ya akili. Mwaka 1947, mwaka uleule Masinde alipotoka, Carothers alichapisha utafiti kuhusu Waafrika aliowaona katika wodi hizo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika mzima hufanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Sayansi hiyo imekwisha kukataliwa na wataalamu wenyewe. Enzi zile, hata hivyo, ndiyo iliyoshika kalamu pale Mathari.

Ni nini, basi, ambacho hospitali hiyo ingeweza kumpa mgonjwa mwaka 1945? Klopromazini, dawa iliyobadilisha matibabu ya magonjwa makali ya akili, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa nchini Ufaransa mwaka 1952. Kabla yake, tiba kuu ilikuwa kuta. Tena mfungwa wa kawaida alikuwa na nafuu moja juu ya mgonjwa wa Mathari: alijua siku ya kutoka. Kifungo kina tarehe, na wazimu hauna. Kutoka kwa mgonjwa hutegemea daktari aridhike, na daktari huridhika pale mgonjwa anapokubali kwamba alikuwa mgonjwa. Masinde angesema serikali imeinyakua ardhi ya Wabukusu, angeandikiwa kwamba anadhani anaonewa. Angesema Wele amemtuma, angeandikiwa mengine. Angenyamaza, kimya nacho kingekuwa dalili. Hakuna sentensi ambayo angeweza kuitamka mle ndani ikasikika kama sentensi ya mtu mzima anayejadiliana na wenzake.

Je, Masinde alikuwa mzima? Wapo machifu na wamishonari waliosadiki kwa dhati kwamba alirukwa na akili, na tabia yake ya hasira na lugha yake ya kinabii iliwapa sababu. Mtu anaweza kuwa na dhuluma ya kweli ya kulalamikia na akawa pia na maradhi ya kweli. Historia haimlazimishi mtu kuchagua moja. Dosari ya uamuzi wa mwaka 1945 ni kwamba swali hilo halikuulizwa kwa faida ya Masinde. Liliulizwa kwa faida ya utulivu wa wilaya, na hospitali ikakubali kuwa chombo cha kulijibu.

Habari kama hizi husafiri. Mtu wa Kimilili au wa mashamba ya Kitale hakuhitaji kukisoma kitabu cha Carothers ili kuujua ukweli mmoja wa wazi, kwamba kuna hospitali ambako serikali huwapeleka watu wasiotii. Tangu hapo neno Mathari lilikuwa na maana mbili, na mojawapo ilikuwa tishio. Wataalamu wa saikolojia husema kuna hofu zisizo na mantiki, na hazikosekani: mtu huzirai kwa kuiona sindano hata kama haijamgusa. Ila hofu nyingi zinazotiwa katika kapu hilo zina mantiki ya kumbukumbu. Aliyeumwa na nyoka hushtushwa na ung'ongo, na hakuna anayemwita mjinga.

Kenya ya miaka hiyo ilijaa ung'ongo wa aina hiyo. Uvumi wa mumiani ulikuwa umezagaa Afrika Mashariki, ukisema kwamba watu hukamatwa usiku na kunyonywa damu ili itengenezwe dawa ya wakubwa, na wazimamoto pamoja na magari yao mekundu ndio walioshukiwa zaidi. Katikati ya mwaka 1947 umati wa watu ulikishambulia kituo cha zimamoto mjini Mombasa kwa sababu ya uvumi huo. Neno lenyewe lina historia ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Mumiani ni jina la kale la dutu nyeusi kama utomvu iliyoletwa pwani kutoka ng'ambo ili itumiwe kama tiba. Wasemaji wa Kiswahili walilichukua jina la dawa wakalifanya jina la mnyonya damu. Hakuna damu iliyonyonywa na wazimamoto. Jasho la vibarua na ardhi ya wenyeji, hata hivyo, vilichukuliwa mchana kweupe, na uvumi uliuvika ukweli huo vazi la koti la daktari na la kofia ya zimamoto. Uvumi hukosea ukweli wa jambo, lakini mara nyingi huulenga uhusiano halisi kati ya watu.

Masinde alirejea nyumbani mwaka 1947. Ikiwa Mathari ilikusudiwa kumvunjia heshima, matokeo yalikuwa kinyume chake. Mwezi wa Septemba mwaka huo aliuongoza umati mkubwa hadi Chetambe, karibu na Webuye, mahali ambapo Wabukusu wengi waliuawa na jeshi la Waingereza mwaka 1895, na huko kafara ilitolewa kwa ajili ya marehemu hao. Yaliyofuata yanajulikana na wengi. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa waumini Malakisi, wakawaua watu 11. Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku, na Masinde akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu na baadaye Marsabit, mbali kabisa na Masaba. Katika mashamba ya Trans Nzoia walowezi waliendelea kuhofia moto wa usiku. Hofu yao nayo haikukosa chembe za kupita kiasi, ingawa hakuna aliyewapeleka Mathari.

Cha kutiliwa maanani ni kwamba safari hii serikali haikumwita mgonjwa. Baada ya Malakisi aliitwa mhalifu hatari, jambo ambalo kwa upande mmoja lilimrudishia utu wake: alikuwa mtu mwenye nia na matendo, hata kama nia hiyo ilichukiwa. Waliobaki na lile jina la wazimu ni watu wa kawaida wasiokuwa na wafuasi. Ni wale ambao maradhi ya akili yaliwapata kweli na ambao jamaa zao, wakiukumbuka mwisho wa wale waliopelekwa Nairobi, waliona heri wawafunge kamba nyumbani.

Baada ya zaidi ya miaka kumi uhamishoni, Masinde aliachiliwa Kenya ilipokuwa inaukaribia uhuru. Marufuku dhidi ya dini yake iliondolewa mwaka 1964, ikarudishwa mwaka 1968. Serikali za uhuru zilimfunga mara kadhaa, kwani hakuwa tayari kumnyenyekea Mwafrika mwenzake kwa jambo alilokataa kumnyenyekea Mzungu. Alifariki mwezi wa Juni mwaka 1987 na akazikwa kwao Maeni.

Haifai, hata hivyo, jina lake lifanywe kisingizio. Malaria ya Bungoma haina habari na historia ya ukoloni, na mtoto anayewaka homa hawezi kungoja hadi babu yake aisamehe Mathari. Wapo waliokufa kwa kuchelewa, kwa kumeza nusu ya dozi na kuiweka nusu nyingine kwa ajili ya siku mbaya, kwa kumficha daktari kwamba walikwisha kunywa mitishamba. Wala tabia hizo si za wafuasi wa Msambwa pekee. Mwaka 2014 ni maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya, watu waliosoma na wanaomiliki hospitali, walioitilia shaka hadharani chanjo ya pepopunda iliyotolewa kwa wanawake, licha ya Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani kusema kwamba ilikuwa salama. Swali walilokuwa nalo wasikilizaji wengi halikuwa la kikemia. Lilikuwa swali la kale la Wabukusu: ni nani anayeileta dawa hii, na anatutakia nini?

Mhudumu wa afya anayelikasirikia swali hilo hulipa nguvu. Mgonjwa wa Kitale au Kimilili anayekawia mlangoni pa hospitali aghalabu hutazama kwanza kama ataelezwa anachofanyiwa, kama atasikilizwa akisema hataki, na kama ataruhusiwa kutoka. Masinde alinyimwa yote matatu. Pakiitwa ukaidi bila kuchunguzwa, kusita huko huzaa ukaidi wa kweli, na mgonjwa hujifunza kusema ndiyo kwa mdomo huku dawa zikiishia kichakani.

Sheria ya Afya ya Akili iliyompa mgonjwa nafasi ya kuingia hospitali kwa hiari yake mwenyewe na kuomba kutoka ilipitishwa mwaka 1989 na kuanza kutumika mwaka 1991. Mathari ingalipo, siku hizi ikiwa hospitali ya kitaifa ya rufaa na mafunzo, na wengi wanaotibiwa huko hurudi nyumbani kuendelea na kazi zao. Hata hivyo, katika magari ya abiria yanayotoka Bungoma kwenda Kitale, anayetaka kumtusi mwenzake kwa mzaha humwambia bado kwamba ametoroka Mathari, na abiria hucheka.